Kilima Kisicho na Thamani: Kituo cha Pork Chop katika Kitabu na Filamu

Wahenga walisema milima haikutani, wanadamu hukutana. Methali hii kwa kawaida humfariji anayeagana na mwenziwe, au humwonya aliyedhulumu kwamba ipo siku atatazamana uso kwa uso na aliyemdhulumu. Vita vya Korea, vilivyoanza Juni 1950 na kusimama Julai 1953, viliipa methali hiyo maana ya tatu ambayo wahenga hawakuikusudia. Katika miaka miwili ya mwisho ya vita hivyo milima ilibaki mahali pake, na wanadamu kutoka Marekani, China, Ethiopia, Colombia, Thailand na Korea zote mbili wakapanda kukutana juu yake usiku, mmoja na bunduki, mwenziwe na bomu la mkono. Milima haikwenda popote. Wengi katika waliokutana hawakurudi makwao.

Mmoja katika milima hiyo umeacha athari katika fasihi na filamu kuliko ukubwa wake ulivyostahili. Ramani za kijeshi ziliuandika kuwa na kimo cha mita 255, na kwa kuwa mistari ya ramani hizo ilichora umbo la mnofu wa ubavu wa nguruwe, Wamarekani wakauita Pork Chop. Jina lenyewe ni dalili ya mambo yatakayofuata: kilima kilibatizwa jina la jikoni na watu waliokiona kwanza kwenye karatasi. Mwaka 1956 S.L.A. Marshall, mwandishi wa habari aliyekuwa pia mwanahistoria wa jeshi, alikitolea kitabu. Mwaka 1959 Lewis Milestone akakitolea filamu yenye jina lilo hilo, na Gregory Peck akiwa mwigizaji mkuu. Miaka 52 baada ya filamu hiyo, Jang Hoon wa Korea Kusini alitoa filamu ya Gojijeon, inayojulikana nje ya Korea kwa jina la The Front Line. Hiyo haikitaji Pork Chop, ila inasimulia kilima cha kubuni kilichomo katika hali ile ile.

Kazi hizi tatu zinastahili kuwekwa pamoja kwa sababu zinalikabili swali moja. Mtu akiagizwa kulinda kilima ambacho wale waliomwagiza wanakiri kuwa hakina thamani, kifo chake kina maana gani, na nani mwenye haki ya kuitoa maana hiyo? Ni swali la maadili kabla ya kuwa la fani. Hata hivyo kila kazi hulijibu kwa fani yake: kwa mahali inapomweka msimulizi, kwa majina inayoyataja na inayoyaacha, na zaidi ya yote kwa namna inavyomalizika.

Ili uzito wa swali hilo uonekane, hali ya vita yenyewe haina budi kuelezwa. Mazungumzo ya kusitisha mapigano yalianza Julai 1951 mjini Kaesong, kisha yakahamia Panmunjom. Tangu hapo majeshi hayakusogea tena kama yalivyosogea mwaka wa kwanza, Seoul ilipotekwa na kukombolewa mara mbili. Kila upande ulijichimbia mstari wake mkuu wa ulinzi, na mbele ya mstari huo ukaweka vituo vidogo juu ya vilima. Kituo cha namna hiyo kilikuwa handaki moja lililozunguka kilele, vibanda vya magogo na viroba vya mchanga vilivyozikwa nusu ardhini, waya za simu zilizokatika kila kombora lilipoanguka, na njia moja ya nyuma ya kupandishia maji na risasi na kuteremshia majeruhi. Kazi yake ilikuwa kumwona adui mapema na kumchelewesha. Hakikujengwa ili kuushinda umati.

Mwishoni mwa Machi 1953 kilima jirani kilichoitwa Old Baldy, yaani Kipara Mzee, kilichokuwa kikilindwa na wanajeshi wa Colombia, kilichukuliwa na Wachina. Kuanzia hapo Pork Chop kilibaki kama ulimi uliotolewa nje ya kinywa, kikipigwa kutoka pande tatu. Usiku wa tarehe 16 Aprili Wachina wakakipanda. Walinzi wachache wa kombania moja ya Rejimenti ya 31 ya Marekani walizidiwa na kujifungia ndani ya vibanda. Kabla ya mapambazuko Luteni Joseph Clemons akaamrishwa kupanda na kombania yake ya watu 135 kwenda kukirejesha. Mizinga ya pande zote mbili ilikimiminia kilima hicho makombora kwa makumi ya maelfu, na baada ya siku mbili kikabaki mikononi mwa Wamarekani. Tarehe 6 Julai Wachina walirudi kwa nguvu zaidi. Baada ya siku tano za mapigano Jenerali Maxwell Taylor, kamanda wa Jeshi la Nane, aliamua kiachwe, na tarehe 11 Julai walinzi wakateremshwa. Mkataba ulitiwa saini tarehe 27 Julai. Kilima kilicholindwa kwa roho za watu mwezi wa Aprili kiliachwa siku 16 kabla ya bunduki kunyamaza.

Marshall alifika kwenye mstari wa mbele mapema kuliko wasimulizi wote. Njia yake ilikuwa kuwakusanya walionusurika, wakubwa kwa wadogo, na kuwasimulisha pigano lao hatua kwa hatua, huyu akimkumbusha yule. Kwa hiyo kitabu chake kina utajiri wa mambo madogo ambayo taarifa rasmi huyapoteza: nani alikuwa mlangoni mwa kibanda gani, risasi ziliisha saa ngapi, kiu ilianza kuwatesa wangapi. Jambo kubwa analolifichua ni upweke. Kituo cha kilimani hudhaniwa kuwa mahali pa watu waliobanana. Marshall aonyesha kwamba kila kibanda kilikuwa kisiwa, na watu wa kibanda kimoja waliweza kufa bila ya wale wa cha pili, hatua ishirini kutoka hapo, kupata habari. Vibanda vilivyojengwa kuwakinga na makombora ndivyo vilivyowatenganisha. Msomaji anaelewa, pasipo kuhubiriwa, kwamba hofu kubwa ya mlinzi wa kilimani ilikuwa kusahauliwa, na kwamba kifo kilikuja nyuma ya hofu hiyo.

Hata hivyo Marshall ni shahidi wa kusikilizwa kwa hadhari. Dai lake maarufu la mwaka 1947, kwamba katika Vita Kuu ya Pili ni askari wachache tu, kati ya asilimia 15 na 25, waliofyatua bunduki zao, lilitiliwa shaka kubwa mwaka 1988 na mwanahistoria Roger Spiller, aliyeonyesha kwamba ushahidi wake haukuonekana. Kasoro hiyo haikifuti kitabu cha Korea, lakini inaeleza tabia yake. Marshall anataka kujua jinsi watu wanavyopigana, na kwa hilo ana jicho kali. Kwa nini wapigane juu ya kilima hiki na si kingine, hilo haliulizi kwa dhati. Maana ya vita kwake imekwisha kuamuliwa mahali pengine, na kazi ya mwandishi ni kuhesabu gharama yake kwa uaminifu. Ni uaminifu wa karani: hesabu imetimia, na mwenye duka hakuulizwa.

Fadhila moja ya karani huyo lazima itajwe kabla ya kumwacha. Katika Divisheni ya 7 ya Marekani, iliyokilinda Pork Chop na vilima vya jirani, walikuwamo pia Wahabeshi. Kikosi cha Kagnew, kilichopewa jina la farasi wa vita wa Ras Makonnen, baba yake Mfalme Haile Selassie, kilifika Korea mwaka 1951, na vikosi vilivyokipokea zamu viliendelea hadi mwisho wa vita. Zaidi ya watu 3,000 walipita humo. Wengi wanaoandika habari zao hutaja vifo 121, majeruhi 536, na kwamba hakuna aliyechukuliwa mateka hata mmoja. Mei 1953 wao walikuwa katika vituo vidogo vya vilima hivyo hivyo, na Marshall akakaa nao kama alivyokaa na Wamarekani. Aliandika kwa kirefu juu ya ulinzi wa vituo vyao na juu ya doria ya Luteni Zeneke Asfaw, akawataja watu kwa majina na hakuficha kustaajabu kwake. Kitabu kiitwacho kwa jina la kilima cha Wamarekani kina ndani yake kurasa za Waafrika waliolinda vilima vya pembeni.

Filamu ilipotengenezwa miaka mitatu baadaye, kurasa hizo hazikuingia. Kabla ya kuipima kwa kilichokosekana, ni haki kuipima kwa kilichomo, na kilichomo si haba. Milestone alikuwa ndiye aliyeongoza All Quiet on the Western Front mwaka 1930, filamu ambayo hadi leo ni miongoni mwa mashtaka makubwa dhidi ya vita yaliyowahi kuwekwa kwenye sinema. Clemons mwenyewe alikuwa mshauri wa filamu ya 1959, na ukaribu huo na tukio unaonekana katika kila jambo linalohusu ardhi. Mtazamaji haonyeshwi mandhari nzuri. Anaonyeshwa mteremko, waya wa miiba, mchanga unaoporomoka chini ya buti, na migongo ya watu wanaopanda wakihema. Kwa muda mrefu kilele hakionekani. Kamera imewekwa pale alipo askari, na askari haoni mbali.

Ufundi huo unafika kileleni katika tukio la taa. Kombania inapanda gizani, na giza ndiyo kinga yake pekee. Ghafla taa kubwa za kurunzi za jeshi lao wenyewe zinawashwa na kuwaanika mteremkoni mbele ya bunduki za Wachina. Hakuna hiana yoyote katika jambo hili. Mtu fulani nyuma, mbali, alidhani anasaidia. Tukio limo katika kitabu pia, lakini kitabu hulieleza kama ajali ya mawasiliano. Milestone amelifanya kuwa sitiari inayoishikilia filamu yote: mwanga unaotoka nyuma, kutoka kwa wakubwa, hauwasaidii walio mbele kuona. Unawafanya waonekane tu.

Sitiari hiyo inajirudia kwa sura nyingine kadiri pigano linavyoendelea. Luteni Russell, shemeji yake Clemons, anafika na kombania ya kusaidia, na mara anaamrishwa kuwateremsha watu wake, kwa sababu makao makuu yanaamini kwamba kilima kimekwisha kutwaliwa na iliyobaki ni kazi ya kusafisha. Anafika pia ofisa wa habari aliyetumwa kupiga picha za ushindi. Anaukuta ushindi umelala ndani ya handaki, umechoka, hauna maji, na umebakiwa na watu wachache. Mtazamaji hucheka, kisha huona haya kwa kicheko chake. Hapa filamu inasema jambo ambalo hotuba haiwezi kulisema: kwamba ripoti ya vita huandikwa mapema kuliko vita vyenyewe, na walio juu ya kilima hulazimika kuishi ndani ya sentensi ambayo wengine wameshaitia nukta.

Tukio lenye ujasiri kuliko yote ni la Franklin, askari mweusi anayeigizwa na Woody Strode. Jeshi la Marekani liliagizwa mwaka 1948 kuacha kuwatenga askari kwa rangi, na ni katika vita vya Korea ndipo agizo hilo lilipoanza kutekelezwa kwa vitendo. Franklin anajivuta nyuma, anajificha, na mwishowe anamwelekezea kamanda wake bunduki ndani ya kibanda. Hoja yake ni fupi. Haoni kwa nini afe kwa ajili ya Korea, na akilinganisha na hali ya maisha yake kwao, hana hakika kama angekuwa tayari kufa hata kwa ajili ya huko. Katika kombania nzima ni yeye peke yake anayeuliza kwa sauti swali ambalo filamu yote inalizunguka. Haikutokea kwa sadfa kwamba waandishi walimpa yeye swali hilo. Mtu aliyenyimwa sehemu yake ya nchi ndiye mwenye haki kubwa zaidi ya kudai aelezwe nchi inamdai nini.

Jibu la Clemons ni la kiungwana na halitoshi. Hamwambii Franklin kwamba Korea ina thamani, wala kwamba kwao kutabadilika. Anamwambia kwa maneno yake kwamba wengine waliomo handakini nao hawataki kufa, na wamo. Franklin anajiunga nao. Hapa uhodari wa filamu na udhaifu wake vinashikana mkono. Ni uhodari kwa sababu hiyo ndiyo kweli ya handaki: mtu hubaki kwa ajili ya aliye ubavuni mwake. Ni udhaifu kwa sababu udugu wa waliotegwa pamoja ni jibu la swali la namna gani, na Franklin aliuliza kwa nini. Filamu inampokonya swali lake kwa upole na kulibadilisha na jingine.

Swali la kwa nini filamu imelihamishia Panmunjom. Wajumbe wamekaa mezani, maneno yanapita, na mmoja wa Wamarekani anafikia kuelewa kwamba Wachina wamekichagua kilima hicho kwa sababu hakina thamani. Kama wapinzani wao wako tayari kumwaga damu kwa ajili ya kitu kisicho na faida, basi watakuwa tayari kwa lolote. Kama hawako tayari, wanaweza kusukumwa tena na tena. Hoja hii isidharauliwe. Kwenye meza ya mazungumzo ni hoja yenye akili, na huenda ndiyo iliyowasukuma makamanda wa kweli wa pande zote mbili. Hata hivyo ina sifa moja ya kutisha: haiwezi kusemwa handakini. Inahitaji mlinzi wa kilima aamini kwamba analinda kitu, na aliyempeleka ajue kwamba hakuna kitu. Thamani ya kilima imekuwa ni damu yenyewe. Damu hainunui chochote zaidi ya uthibitisho kwamba imemwagika.

Lau filamu ingeishia hapo, ingekuwa imemwachia mtazamaji mzigo wake halali. Haikuishia hapo. Baada ya usiku wa mwisho, walionusurika wakiwa wamejiziba ndani ya kibanda na moto wa adui ukiwa mlangoni, msaada unafika, na wachache waliobaki wanateremka. Ndipo sauti ya msimulizi inapoingia juu ya picha na kutangaza kwamba mamilioni wanaishi huru kwa sababu ya waliyoyatenda watu hawa. Julai haitajwi. Mtazamaji asiyejua historia hutoka akiamini kwamba kilima kilichopiganiwa mbele ya macho yake kilibaki mikononi mwa waliokipigania. Milestone mwenyewe hakuridhika na jinsi filamu ilivyokatwa kabla ya kutolewa, na huenda lawama si yake yote. Lakini kazi ya sanaa huhukumiwa kwa ilivyo. Kwa dakika tisini kamera ilikaa na askari. Katika dakika ya mwisho iliondoka pale alipo ikaenda kusimama pale zilipo taa za kurunzi, na kuwamulika tena kutoka nyuma.

Kukosekana kwa Wahabeshi lazima kupimwe kwa kipimo hicho hicho. Mtetezi wa filamu anaweza kusema kwamba hadithi ni ya kombania moja kwa siku mbili za Aprili, na kwamba Wahabeshi walikuwa kwingine na siku nyingine. Utetezi huo ni wa kweli kwa tarehe. Kwa maana si wa kweli, kwani maneno ya mwisho ya filamu hayazungumzii kombania moja tena, yanazungumzia uhuru wa dunia. Anayedai kusema kwa ajili ya dunia hana budi kuwahesabu waliokuwapo. Na katika wote waliopelekwa kwenye vilima hivyo, mtu mmoja alikuwa na jibu lake mwenyewe kwa swali la Franklin. Haile Selassie alisimama mbele ya Shirikisho la Mataifa mwaka 1936 kuomba nchi yake isiachwe mikononi mwa Italia, na ikaachwa. Alipotuma kikosi Korea alikuwa akidai, kwa vitendo, kwamba taifa dogo likivamiwa mengine yalisaidie. Mtu anaweza kuikubali au kuikataa hoja hiyo ya kifalme, lakini ni hoja, na ilitoka Afrika. Hollywood ilikuwa na jibu kwenye kurasa za kitabu ilichokinunua, ikaona heri swali libaki bila jibu kuliko jibu litoke kwa Mhabeshi.

Nyumbani kwao pia hawakupata msimulizi kwa muda mrefu. Baada ya mapinduzi ya 1974 utawala mpya wa Addis Ababa ulielekea kambi ya Mashariki, na watu waliopigana dhidi ya Korea Kaskazini na China hawakuwa mashujaa wa kutajwa. Kumbukumbu yao ilihifadhiwa zaidi na waliolindwa kuliko na waliowatuma. Mjini Chuncheon, Korea Kusini, mnara wao ulisimamishwa mwaka 1968, na Haile Selassie alikuwapo siku ya kuuzindua.

Msimulizi wa tatu alitoka miongoni mwa hao waliolindwa, kama neno hilo linafaa. Katika filamu ya Jang Hoon kilima kinaitwa Aerok. Asomaye jina hilo kutoka mwisho kwenda mwanzo atakuta ni Korea. Kimebadilisha mikono mara nyingi kiasi kwamba idadi imepoteza maana, na hapo filamu inafuata historia ya kilima cha Baengma, kilichotwaliwa na kurejeshwa mara kwa mara ndani ya siku chache za Oktoba 1952. Ofisa wa usalama, Kang Eun-pyo, anatumwa kileleni kuchunguza uhaini: barua ya askari wa Kaskazini imepitia posta ya jeshi la Kusini. Anachokigundua ni shimo lililofichwa ndani ya handaki. Kila upande unapoondolewa kilimani huacha humo vitu kwa ajili ya upande utakaoingia: pombe, sigara, na barua za kupelekwa kwa jamaa waliobaki ng'ambo ya mstari.

Shimo hilo ndilo kitovu cha filamu, na ndilo linaloitofautisha na zile za kabla yake. Kwa Marshall na Milestone, kilele ni mahali pa kukaa au kuondolewa. Kwa Jang kimekuwa sanduku la posta. Milima haikutani, wanadamu hukutana, na hapa wanakutana bila ya kuonana, kwa zamu, kila mmoja akijua kwamba aliyemwachia sigara ndiye atakayejaribu kumwua kesho. Uhaini anaouchunguza Kang unageuka kuwa mabaki ya ujirani. Mtazamaji anatambua kwamba swali la kwa nini wanapigana halina majibu mawili yanayogombana, moja la Kusini na jingine la Kaskazini. Lina ukimya mmoja unaotumiwa na wote.

Mwisho wa filamu ni mkali kuliko kitu chochote katika kazi zile mbili za Kimarekani. Mkataba unatiwa saini saa nne asubuhi. Askari wanakumbatiana, wanatupa kofia juu. Kisha wanaelezwa kwamba utaanza kutekelezwa saa nne usiku, na katika saa hizo kumi na mbili kila upande unataka kuwa na kilima. Kipindi hicho cha saa kumi na mbili ni cha kweli, kimo katika historia ya tarehe 27 Julai 1953. Ukungu unakifunika kilima, wimbo mmoja unaimbwa na majeshi yote mawili wakisubiri utanzuke, kisha wanauana hadi karibu wote wamekwisha. Kang anamkuta kamanda wa Kaskazini amejeruhiwa ndani ya handaki. Mwaka 1950 kamanda huyo alikuwa amewaambia mateka wake kwa majivuno kwamba anajua sababu ya vita. Sasa anakiri kwamba aliijua, lakini ni zamani mno, ameisahau. Redio inatangaza kwamba vita vimesimama. Wawili hao wanacheka.

Filamu hii nayo ina mapungufu yake. Inapenda machozi, na mara kadhaa inayaomba kabla hayajaiva. Baadhi ya sadfa zake, khasa zinazomhusu mlenga shabaha wa kike wa Kaskazini, zinanukia mswada kuliko maisha. Wachina wanatokea kama wimbi la filimbi na mayowe, hawana uso, na hapo Jang amerudia kosa la Hollywood alilolikwepa kwingine. Wageni waliolinda vilima vya Korea, Mhabeshi akiwamo, hawamo kabisa. Aliyepata kimya cha watu wake mwenyewe hakusikia kimya cha wengine.

Lakini katika jambo kubwa amefaulu pale ambapo waliomtangulia walisita. Hakuna sauti inayoingia mwishoni kuwalipa wafu kwa maneno. Kang anateremka peke yake, na kilima kinabaki nyuma yake kama kilivyokuwa. Marshall aliwapa wafu majina, na hiyo ni heshima ambayo haipaswi kupunguzwa. Milestone aliwapa miili, kiu na hofu, kisha akakubali, au akalazimishwa, kuwanunulia maana kwa bei ya chini. Jang amewaacha na swali lao mkononi. Anayedhani kwamba kuwaacha hivyo ni kuwadhulumu na afikirie upande wa pili: maana inayotolewa na aliye mezani kwa aliyekufa kilimani humtuliza aliye mezani tu.

Pork Chop leo kimo ndani ya eneo lisilo na majeshi linalozigawa Korea mbili. Hakuna anayekilinda wala anayekipanda. Mahandaki yake yameachiwa majani, na mita 255 zake zimo ramanini kama zilivyokuwa siku kilipopewa jina la nyama. Zamani jenerali alitaka kujua kilikuwa na thamani gani. Sasa hakuna aliyebaki juu yake wa kuulizwa.